Tunaigiza Maji Maji hapa Dar, kila mtu anataka kuwa Kinjikitile. Nani atakubali kuwa askari wa Mjerumani?

#1 Mshika Mshipi (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Kuna kikundi chetu cha vijana na walimu wachache wa historia. Tunaandaa Jumamosi na Jumapili ya historia hai, mwezi Agosti, kukumbuka Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Si tamthiliya ya jukwaani. Ni uwanja wa wazi huku Pugu: kibanda cha akida (msimamizi wa Mjerumani vijijini), shamba la pamba la kijiji, boma la miti, kambi ya wapiganaji na jiko lao. Watazamaji, watoto wakiwemo, wanapita katikati, wanauliza maswali, na mwigizaji anajibu kama mtu wa mwaka ule. Jumamosi jioni ndiyo shambulio la boma la Mahenge, lile la 30 Agosti 1905.

Waigizaji tunao, shida ni mgawanyo. Upande wa wapiganaji wamejaa mpaka wanagombana. Nafasi ya Kinjikitile, yule mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, peke yake ina wagombea kama kura za maoni za ubunge. Wazungu wawili wa kuwa Wajerumani wamepatikana. Askari weusi wa Mjerumani: hakuna hata mmoja. Kila ninayemgusa anasema "mama yangu atakuja kutazama, siwezi."

Dai langu ni hili. Bila askari hakuna Maji Maji. Wazungu walikuwa wachache mno. Waliofyatua risasi, waliochoma maghala, walioshika kiboko cha hamsa ishirini (viboko ishirini na vitano) walikuwa weusi wenzetu. Tukiwatoa tunadanganya watoto. Mnasemaje?

#2 Kijana wa Keko
Nimeweka kambi. Ngoja waje wazee wa historia.

#3 Chapati Moto
Uzi bila picha. Weka picha za mazoezi kwanza.

#4 Mlalahoi Mstaafu
Kwa nini Dar? Vita vile ni vya kusini. Hapa Mzizima, Dar ya zamani, watu walikuwa wanauza samaki kwa Mjerumani. Mtaigiza nini Pugu?

#5 Nkosi Mdogo
Namuunga mkono #4. Sisi Songea hatusubiri kikundi cha Dar. Kila 27 Februari tunakumbuka, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 wazee wetu walinyongwa kwa mkupuo. Kaburi la pamoja lipo pale Makumbusho ya Maji Maji, Mahenge. Njooni muone, msituletee maigizo.

#6 Mwalimu wa Zamu
Nkosi, fafanua kidogo, maana mtu atapanda basi la kwenda kusikokuwa. Mahenge yenye makumbusho ni mtaa wa hapo Songea mjini. Mahenge ya boma lililoshambuliwa 30 Agosti 1905 ni ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Ni sehemu mbili.

Na wewe #4, Uzaramo uliingia vitani. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikataa habari za pamba ya lazima na Wajerumani wakamnyonga. Shule ya sekondari unayopita kila siku ukienda Chang'ombe imebeba jina lake. Kisarawe, Maneromango, huko kote kulikuwa na mashamba ya pamba ya serikali. Kutoka Pugu si mbali hata kidogo.

#7 Mlalahoi Mstaafu
Mwalimu, nimesoma hapo Kibasila miaka yote na hakuna aliyeniambia huyo ni nani. Tulijua ni jina tu la shule.

#8 Binti Kivinje
Ndiyo maana sherehe kama hizi zinahitajika. Ila mleta mada, rekebisha mpangilio. Unaanza na Mahenge, sasa Nandete iko wapi? Vita vilianza Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba. Wangoni waliingia baadaye, lakini ukisikia wanavyosimulia utadhani walianza wao.

#9 Nkosi Mdogo
Dada, nyie mlianza kung'oa miche, sisi tukaja kupigana. Kila mtu na kazi yake 😂

#10 Binti Kivinje
Kinjikitile kanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wakati huo nyie mlikuwa bado mnafikiria.

#11 Fundi Kaniki
Nachangia upande wa mavazi, mimi ni fundi cherehani Kariakoo. Mleta mada, kama wapiganaji wako watavaa magome ya miti na manyoya ya kuku kama nilivyoona kwenye mahafali ya shule moja hapa mjini, naomba mniondoe kwenye orodha ya watazamaji. Watu wa 1905 walivaa nguo. Vitambaa vya kaniki na marekani vilishafika bara zamani sana na misafara. Kaniki ya kweli ni nyeusi inayoelekea bluu, ukiivaa mpya inakuachia rangi shingoni. Mtu anafunga moja kiunoni, nyingine anaitupia begani. Basi.

Askari ni kaki, kofia ya tabushi iliyovalishwa kitambaa cha kaki na kipande cha nyuma kinachofunika shingo, na mguuni zile bendeji ndefu za kuzungushia muundi. Kuzifunga ni kazi, ukikosea zinakudondokea ukiwa unakimbia. Nina kitambaa. Nipe idadi.

#12 Sajini Mstaafu
Kabla ya kumpa fundi idadi, chukueni kibali. JWTZ mwaka 2023 walitoa onyo kali kwa raia wanaovaa sare zinazofanana na zao. Kaki ya 1905 haifanani na kombati ya leo, lakini kijana wako akikutwa Gongo la Mboto saa moja usiku na kaki, mkanda na bunduki ya mbao, nani atamsikiliza akieleza habari za historia hai? Sare zivaliwe uwanjani na zivuliwe uwanjani. Barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), nakala kwa serikali ya mtaa. Mlio wa bunduki nao unahitaji ruhusa, hata kama ni fataki.

#13 Mshika Mshipi
Asante Sajini, hilo tumelishughulikia nusu. Shikamoo.

#14 Sajini Mstaafu
Marahaba. Nusu haitoshi.

#15 Mtoto wa Mjini
Mnahangaika bure na askari. Sanamu la Askari lipo pale katikati ya mji, makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, ameshika bunduki ana bayoneti. Yule si shujaa wa Maji Maji? Mwambieni kijana yeyote aige yule.

#16 Mwalimu wa Zamu
Hapana. Lile sanamu waliliweka Waingereza 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Halihusiani na Maji Maji. Kabla yake mahali pale palisimama sanamu la Wissmann, gavana wa Kijerumani, lililozinduliwa 1909. Chini ya miguu ya Wissmann kulikuwa na askari mweusi akimtazama juu. Waingereza walipoteka mji 1916 wakaling'oa, likaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaliangusha miaka ya sitini.

#17 Mtoto wa Mjini
Kwa hiyo tumetoa askari wa Mjerumani tukaweka askari wa Mwingereza, na sisi tunapiga naye picha za harusi. Sawa.

#18 Shemeji wa Tabora
Nimesoma uzi kimya kimya, acha niseme. Babu wa babu yangu alikuwa shaushi wa Mjerumani. Kwa wasiojua, ngazi zilikuwa askari, ombasha, shaushi, bashaushi, sol. Alitoka Unyamwezini akiwa mpagazi wa misafara, mizigo ya pembe mabegani mpaka pwani. Mjerumani akaandikisha, akalipa mshahara wa rupia kila mwezi, akampa bunduki. Kwa kijana ambaye tangu utoto wake anabeba mizigo ya watu, ukimwambia kuanzia kesho mizigo yako watabeba wengine, atajibu nini?

Nyumbani kwetu habari hii haisemwi mbele ya wageni. Bibi akitajiwa Kilwa ananyamaza. Kuna kitu alikijua, akafa nacho.

Mleta mada, mimi nitakuja. Lakini kuigiza, hapana.

#19 Kijana wa Keko
Daah. Pole na asante mkuu.

#20 Mzalendo Halisi
Mshahara si sababu. Msaliti ni msaliti. Tusianze kuwatafutia visingizio watu waliochoma vyakula vya ndugu zao. Kwenye onyesho wawekeni, ila watoto wawazomee.

#21 Shemeji wa Tabora
Ndugu zao akina nani, mkuu? Mwaka 1905 Mnyamwezi na Mmatumbi walikuwa ndugu kwa karatasi gani? Tanganyika hata jina lilikuwa bado. Na wale wa kwanza kabisa Wissmann aliwaleta kutoka nje, Wasudani aliowaandikisha Misri 1889, na wengine kutoka Msumbiji. Hao nao walimsaliti nani?

#22 Mzalendo Halisi
Ngozi.

#23 Mwalimu wa Zamu
Hapa mmegusa penyewe. Hoja ya "ndugu" tumeirudisha nyuma sisi. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa 1956 aliizungumzia Maji Maji kama watu kukataa haki ya mzungu kuwatawala. Ilifaa kwa kazi aliyokuwa nayo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu hapa Dar wakatumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, na sehemu kubwa ya tunayoyajua imetoka huko. Lakini mzee anayehojiwa miaka saba baada ya Uhuru, na kijana kutoka chuoni mwenye daftari, unadhani atamwambia "tulipigana na jirani kwa sababu ya ng'ombe"? Atasema tulipigania nchi.

#24 Binti Kivinje
Mwalimu, kaa hapo hapo. Unataka kusema bibi zetu walitunga? Walichapwa viboko, wakalimishwa pamba msimu wa kulima mtama wao, wakalipwa malipo ya aibu, akida kutoka pwani akawavua heshima mbele ya wake zao. Hilo halihitaji mtu wa chuo kulifundisha. Bibi mzaa mama hakutaka hata godoro la pamba ndani ya nyumba yake, alilalia la sufi mpaka anafariki. Hakusoma kitabu chochote.

#25 Mwalimu wa Zamu
Sijasema walitunga dada. Nasema sababu zilikuwa nyingi na kila sehemu ilikuwa na yake. Ungoni hakukuwa na mashamba ya pamba ya lazima kama kwenu, na bado waliingia.

#26 Nkosi Mdogo
Kwa sababu tulinyang'anywa ubwana wetu. Wajerumani walipokuja Songea 1897 waliwakamata wakubwa wetu, tukazuiwa kwenda vitani na kuchukua watu na ng'ombe. Sisi tulipigana turudi tulivyokuwa.

#27 Binti Kivinje
Yaani mrudi kutuvamia sisi. Asante kwa kusema ukweli 😂😂

#28 Nyundo wa Kalenga
Nawasalimu Wangoni, watani zangu. Hivi mnajua 1905 mlikuja kugonga hodi Uhehe tukawafungia mlango?

#29 Nkosi Mdogo
Tunajua sana. Mlikuwa mnamsaidia Mjerumani. Chifu wenu Mkwawa angefufuka angewatandika.

#30 Nyundo wa Kalenga
Sisi zamu yetu tulishamaliza. Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Mjerumani Zelewski na kikosi chake walibaki palepale. Kalenga ikapigwa mizinga 1894. Mkwawa akajipiga risasi 1898 asikamatwe, kichwa kikapelekwa Ulaya, kikarudi 1954. Mlipokuja na chupa za maji tulikuwa bado tunauguza vidonda.

#31 Chapati Moto
Kwa hiyo Mkwawa ndiye aliyeongoza Maji Maji?

#32 Kijana wa Keko
Soma uzi tangu mwanzo ndugu yangu. Amefariki 1898.

#33 Mganga Njaa
Swali langu la siku nyingi. Hivi watu wazima, wenye akili zao, waliamini kweli risasi inageuka maji? Nauliza kwa heshima.

#34 Binti Kivinje
Usiwaonee. Ngarambe ilikuwa mahali pa kwenda kuomba mvua na mavuno hata kabla ya vita. Kinjikitile alipandwa na pepo, akazama mtoni, wakamtafuta, akatoka kesho yake nguo zake kavu, ndivyo wanavyosimulia. Watu walikwenda kwa makundi kumwona. Dawa yenyewe ilichanganywa na nafaka. Mtu akienda kwa mganga mashuhuri leo tena na gari lake, mbona hamumuulizi akili yake?

#35 Mzalendo Halisi
Ile ilikuwa mbinu ya siasa. Alihitaji kitu kimoja cha kuwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Maji ndiyo kadi ya uanachama. Yeye mwenyewe hakuamini.

#36 Binti Kivinje
Umemhoji lini?

#37 Mkulima Mstaarabu
Kuna maelezo mengine ambayo hamjayagusa. Watafiti wengine wanatazama nguruwe pori na tembo. Mjerumani aliweka sheria za uwindaji, akazuia watu kuwinda kwa nyavu na bunduki, akafunga misitu. Wanaume wakaondolewa mashambani kwenda pamba na kazi za serikali. Nani abaki kulinda mtama usiku? Nguruwe wakala. Mimi nalima Kisarawe, najua nguruwe wakiingia usiku mmoja kwenye mihogo wanafanya nini. Dawa inayoahidi shamba lako litapona na mkandamizaji ataondoka, hata mimi ningeinywa.

#38 Sajini Mstaafu
Kijeshi naongeza. Watu walijua risasi inaua, walishaiona tangu vita vya Abushiri na Mjerumani kule pwani. Lakini gobori unajua linavyofanya kazi? Unamimina baruti mdomoni, unashindilia kwa fimbo, unaweka gololi au vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unapiga. Nusu ya milipuko haitoki, na ikitoka haifiki mbali. Mtu aliyezoea gobori, ukimwambia kuna dawa inayopunguza nguvu ya risasi, si jambo la ajabu sana. Hata askari wa Mjerumani wakati ule wengi walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, risasi moja moja, moshi mzito. Kilichowamaliza wapiganaji Mahenge ni bombomu, bunduki ya rashasha. Hawakuwa na uzoefu nayo. Walikuja kwa safu, mchana kweupe, mtu anasimama na kichwa wazi. Ndipo wengine wakaacha kabisa kuamini maji na wakahamia vita vya kuvizia.

#39 Mganga Njaa
Kwa hiyo majibu ni: pepo, siasa, nguruwe, na gobori. Nimeelewa kwamba sijaelewa.

#40 Mama Wawili
Samahani naingilia. Mleta mada umesema watoto wataruhusiwa. Mna mpango wa kuonyesha kunyonga? Mwanangu wa darasa la tatu alipelekwa na shule onyesho moja la mashujaa, akarudi haoni usingizi kwa sababu waliweka mtu kwenye kitanzi na kamba halisi.

#41 Mshika Mshipi
Hapana mama, kunyonga hakuna. Tutasoma majina tu.

#42 Nkosi Mdogo
Mkisoma majina msimsahau Nduna (jemadari) Songea Mbano. Alinyongwa siku chache baada ya wenzake na kaburi lake liko peke yake, halina kichwa. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi, akaahidi kusaidia kukitafuta. Familia bado inasubiri.

#43 Mjukuu wa Mpagazi
Mleta mada, kama ni Dar kwa nini usichague vita vya Dar vyenyewe? Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Pugu ilivamiwa, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Ni Pugu hapo hapo mnapoweka uwanja! Au 1914, meli ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga mtambo wa redio wa Mjerumani hapa mjini, 8 Agosti. Septemba 1916 mji ukasalimu amri. Kariakoo ikawa kambi ya wapagazi wa Mwingereza. Na hao wapagazi ndio waliokufa wengi kuliko askari wowote, kwa kuhara na njaa, bila hata kaburi lenye jina. Pale makaburi ya vita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi nyasi zimekatwa vizuri, mawe meupe yamepangwa. Mtafute mpagazi uone kama utampata.

#44 Mtoto wa Mjini
Mkuu #43 umetisha. Anzisha uzi wako tuje.

#45 Mpenda Safari
Mnapoanza msijione wa kwanza Afrika. Isandlwana, Afrika Kusini, Wazulu wanaigiza vita vya Januari 1879 kwenye kilima chenyewe, na wanaovaa koti jekundu la Mwingereza wapo. Ethiopia kila mwanzoni mwa Machi barabara za Addis Ababa zinajaa ngao na farasi kwa ajili ya vita vya Adwa, 1896. Lakini angalieni: hao wote wanaigiza siku waliyoshinda. Sisi tunataka kuigiza siku tuliyokatwa kama majani. Ni kazi nyingine.

#46 Mshika Mshipi
Hii pointi imenikaa.

#47 Mwalimu wa Zamu
Acha niongeze mzigo juu ya pointi ya Mpenda Safari. Wengi waliokufa Maji Maji hawakufa kwa bombomu. Gavana Götzen na makapteni wake walipoona watu wamehamia porini, wakaamua kuwamaliza kwa njaa: choma kijiji, choma ghala, ng'oa mazao, zuia kupanda. Taarifa za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wetu wanafika 250,000 hadi 300,000. Wamatumbi na Wangindo njaa ile waliiita fugufugu. Vijiji vikaota pori, ndovu na mbung'o wakahamia, na sehemu ya ardhi hiyo baadaye ikawa pori la akiba la Selous ambalo leo watalii wanalipia kuliona kama nchi isiyowahi kuwa na watu.

Sasa niambie mleta mada. Jumamosi jioni una moshi, fataki, vijana wanakimbia, watu wanapiga makofi. Jumapili utaigizaje njaa ya miaka mitatu? Mchana, watu wameshika soda na mishikaki?

#48 Chapati Moto
Mishikaki itakuwepo?

#49 Mama Wawili
😂😂 Wewe!

#50 Mshika Mshipi
Mwalimu, tulifikiria Jumapili watazamaji wakirudi wakute jiko la wapiganaji limezimwa, ghala limechomwa, na akina mama wanachimba mizizi ile ya porini inayolowekwa siku kadhaa ili isiue. Wanaelekeza wageni jinsi ya kuichimba na kuiandaa. Hakuna muziki. Lakini wenzangu wanasema wageni wataondoka saa nne.

#51 Mwalimu wa Zamu
Waondoke.

#52 Mzalendo Halisi
Mkiweka huzuni tupu nani atachangia mwakani? Watu wanataka ujasiri. Kinjikitile aje, atoe hotuba, vijana waimbe.

#53 Binti Kivinje
Kinjikitile unayemtaka wewe ni wa jukwaani. Wa Ngarambe alinyongwa mwanzoni kabisa, hakuona Mahenge wala Songea wala njaa. Ukimweka Jumamosi jioni kwenye boma la Mahenge umemfufua.

#54 Kijana wa Keko
Kwa hiyo wale wagombea wote wa Kinjikitile hawana kazi Jumamosi? Wavalishe kaki!

#55 Fundi Kaniki
Hahaha. Nipe vipimo vyao.

#56 Zao la Mchanganyiko
Nilisoma shule ya bweni huko Lindi, kila mwaka tuliigiza. Wajerumani walikuwa watoto weupe kidogo wa kidato cha kwanza, wanapakwa unga wa chaki usoni, ndevu za katani. Askari weusi ilikuwa adhabu. Aliyechelewa namba asubuhi ndiye anayekuwa askari. Nilikuwa askari karibu kila mwaka 😂. Na nikuambie kitu, ukishavaa ile nguo na kushika fimbo, wenzako wakiwa wameinama wanalima pamba ya kuchora, mkono unawasha. Ulikuwa mchezo tu, lakini tuliwachapa kweli, mwalimu akaja kututenganisha. Mleta mada, wakipatikana askari wako, weka mtu mzima wa kuwaangalia.

#57 Shemeji wa Tabora
Hii #56 ndiyo sababu nimekataa.

#58 Sajini Mstaafu
Na ndiyo sababu ya kuwaweka. Askari wasio na mtu wa kuwaangalia ndio waliofanya yaliyofanyika. Mimi nitakuja kuwafundisha gwaride, lakini kwa sharti: amri zote zitolewe kwa sauti, mtazamaji asikie nani ameagiza nini. Mzungu anaagiza, sol anapokea, ombasha anapeleka, askari anatenda. Kila mmoja aonekane mahali pake.

#59 Mzalendo Halisi
Na akida? Akida naye alikuwa mtu wa pwani, tena Mwislamu msomi, anajua kusoma na kuandika. Nani ataigiza huyo hapa Dar bila kupigwa mawe?

#60 Mtoto wa Mjini
Watu wa pwani tupo. Mimi nitakuwa akida, mradi niwe na mwavuli na kanzu safi.

#61 Binti Kivinje
Huyu amekubali kwa ajili ya kanzu.

#62 Mshika Mshipi
Wakuu, nimekusanya. Akida tunaye. Sajini kaka, nitakupigia, tafadhali nitumie namba ndani. Nyundo wa Kalenga, Wahehe wanakaribishwa mje kutufungia mlango rasmi, itakuwa sehemu ya onyesho. Sasa jambo dogo lakini limetukwamisha: shamba la pamba. Tunahitaji miche iliyozaa, ing'olewe mbele ya watu asubuhi ya Jumamosi. Tunapata wapi pamba karibu na Dar?

#63 Mkulima Mstaarabu
Mkuu, Kilwa na kusini kote hutapata. Mtwara, Lindi, Ruvuma, serikali ilishazuia kulima pamba huko kwa sababu ya funza mwekundu, asisambae kwenda kanda ya ziwa.

#64 Nkosi Mdogo
Subiri. Yaani kule walikochapwa viboko ili walime pamba, leo ukilima pamba unakamatwa?

#65 Mkulima Mstaarabu
Ndiyo hivyo. Jaribuni Morogoro, au agizeni Shinyanga. Ila miche haitafika na vitumba vyake, lori likikaa njiani siku mbili inanyauka. Bora mpande wenyewe hapo Pugu, mvua za masika zikianza. Miezi mitano hivi mpaka ipasue.

#66 Mama Wawili
Si wamesema wikiendi ni Agosti? Wapande Machi. Mtailima nyie au mtatafuta watu?

#67 Kijana wa Keko
Hapo sasa. Nani yuko tayari kwenda Pugu kila Jumamosi kulima pamba bure?

#68 Mganga Njaa
Mleta mada atuletee akida.

#69 Mtoto wa Mjini
Nipo. Jumamosi saa moja kamili, kila mtu na jembe lake. Atakayechelewa nitamwandika.

#70 Chapati Moto
Kutoka Gongo la Mboto mpaka hapo uwanjani ni daladala au bodaboda? Na nauli ni ya nani?